Nilikuja Kuchaji Simu

Sikufuata kitabu. Nisijisifu.
Muhula wa kwanza, Tunguu,
simu yangu imebakiwa na asilimia nne
na dakhalia umeme umekatika tangu alfajiri.
Mtu akaniambia: nenda maktaba, wana jenereta.

Basi nikaenda.

Mlangoni Bi Mize, miwani yake imefungwa uzi mweusi,
akanitazama toka kofia hadi kandambili.
"Mkoba, kisanduku nambari kumi na saba.
Kitambulisho, hapa.
Maji sawa. Urojo, hapana."
(Nilikuwa nao, kwenye mfuko, chini ya madaftari.
Sijui aliujuaje.)
Akaniandikia nywila kwenye kipande cha karatasi:
"Kwa hii utasoma majarida ya dunia nzima bila ya kulipa.
Usimpe mtu. Hata mchumba."

Soketi inayoshika ni moja tu,
chini ya dirisha la tatu, ubavuni mwa rafu ya sheria za ardhi.
Nikachomeka. Nikakaa sakafuni.
Na ukikaa pale huna cha kutazama
ila migongo ya vitabu,
na mgongo, kama wa mtu aliye mbele yako kwenye foleni,
haukuambii kitu mpaka uguse bega.

Nikagusa.

Karatasi za manjano, nyepesi, ganda la kitunguu.
Pambizoni mtu ameandika kwa penseli:
*Hapa mwandishi hakufahamu.*
Chini yake, mkono mwengine, wino wa buluu:
*Wewe ndiye hukufahamu.*
Na chini kabisa, herufi ndogo, za mtu mwenye haya:
*Tazameni uk. 212.*

Nikafungua. 210, 211, 214.
Umechanwa. Umechanwa vizuri, kwa rula.

Sikuwahi kuitaka karatasi namna ile.
Simu ilishajaa, ikalia, nikaiacha ilie.
Nikamwendea Bi Mize na kitabu kifuani
kama niliyeokota mtoto wa watu.
Hakucheka. Akabonyeza, akasubiri mtandao,
akabonyeza tena.
"Nakala nyengine iko Chake. Itakuja na meli ya Jumanne.
Andika jina. Ukichelewa kurejesha,
faini utailipa wewe, si mimi."

Usiku nikampigia bibi, Kiuyu.
Yeye kitabu hukiita chuo, toka zamani,
na nyumba ya kusomea nayo huiita chuo,
nami nilikuwa nikimcheka, nikidhani maneno yamemwishia.
"Umefika chuoni?"
Nimefika.
"Na chuo umekiona?"
Nikanyamaza.
Wiki tatu nalala chuoni, nala chuoni,
nimepiga picha mbele ya lango la chuo,
na chuo chenyewe nimekigusa leo, bega tu.
"Hakijafika, bibi. Kiko huko huko kwenu Pemba."
Akacheka yeye.

Alhamisi kikaja, kimefungwa gazeti.
Ukurasa wa 212 nikausoma nimesimama, kaunta,
watu nyuma yangu wanaguna.
Haukujibu kitu.
Ulitaja kitabu chengine.

Na hicho kikataja vyengine viwili.

Leo ni muhula mwengine, vuli imewahi,
rafu ya historia imefunikwa nailoni,
ndoo iko pale pale panapovuja,
Bi Mize kabadilisha uzi wa miwani, sasa mwekundu.
Kijana mmoja kaingia, shati mbichi mabegani,
waya wa chaja umemning'inia mkononi.
Jina lake Shaame, kaniambia kabla sijamuuliza,
na kabla hajanipa salamu sawasawa:
"Kaka, hapa soketi iko wapi?"

Nikamwonyesha dirisha la tatu.
Viti vilikuwepo, vitupu.
Nikamwambia waya wake mfupi, haufiki,
akae sakafuni.